Machimbo Yangu ya Gitega

Nicheke tu, msomaji, haya niliyataka mwenyewe. Baba yake Claudine, mchumba wangu, ni mkulima wa Gasorwe. Aliponiuliza kazi yangu, nilijibu kwa madaha, "Baba, mi nachimba sarafu kwangu Gitega."

Juzi mzee alifika na Claudine na wajomba wawili, sururu begani, tayari kunisaidia.

"Mkwe, shimo iko wapi?"

Jasho likinitoka, niliwaonyesha vijidude viwili vya kuchimbia sarafu za mtandaoni, vidogo kama vidole, vimechomekwa kwenye kompyuta huku feni ikivipuliza visiungue.

"Na umeshapata nini?"

"Bado, Baba. Ni bahati."

Mzee alivitazama, akamgeukia binti yake.

"Claudine, hapa mwenye kazi ni feni peke yake."

Claudine ndiye aliyeanza kucheka.