Ukurasa wa Tisa wa Baba Mdogo

Mama mdogo wangu ni mkutubi wa chuo kikuu, na ukikaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai, lazima akumwagie sera. Sera yake ni moja tu: kila tasnifu, kila utafiti, kila maandishi ya somo yawekwe kwenye maktaba ya mtandaoni, mtu yeyote ayafungue asome bure, awe mwanafunzi au asiwe. Wahadhiri humsikiliza, hutikisa vichwa, humsifu mpaka aone haya, halafu hawaleti kitu. Wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akiwafuata ofisini wana jibu lao tayari: "Anza na mumeo."

Hapo ndipo anaponywea. Mumewe, yaani baba mdogo, anafundisha somo la udongo na malisho katika chuo hichohicho, na maandishi yake hayajawahi kuuona mtandao. Kila muhula huacha nakala moja kwenye duka la fotokopi nje ya geti. Wanafunzi hutoa kopi, wengine hutoa kopi za kopi, na zile zinazofikia watu wa viti vya nyuma ni za kusoma kwa kubahatisha. Kisha baba mdogo husimama mbele yao na kuwasomea maandishi yaleyale, mstari kwa mstari. Mimi naishi kwao na nasoma chuoni hapo mambo mengine kabisa. Niliwahi kuingia darasani kwake mara moja, kwa mapenzi ya kifamilia, nikalala fofofo.

"Nipe hayo maandishi niyapakie," mama mdogo alimwambia tukiwa mezani. "Unanitia aibu kazini."

"Muhula ujao."

"Muhula ujao ulianza zamani, ukaisha."

Baba mdogo aliweka kijiko chini. "Haya, niyatoe. Wayasome yote kwenye simu zao. Halafu mimi niingie darasani kufanya nini? Watanihitaji kwa lipi?"

Mama mdogo alicheka, akidhani ni utani wake wa kawaida. Alipomtazama usoni akaona si utani. Mtu mzima, mwenye mvi na shahada zake ukutani, alikuwa anaogopa kwa dhati kwamba akishatoa kile alichonacho hatakuwa mtu tena. Nilimwonea huruma, ingawa nilikuwa na hamu ya kumwambia kwamba hata sasa hawamhitaji kivile.

Mitihani ikamwambia kwa niaba yangu.

Alikuwa anasahihisha sebuleni, akaangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. Swali lilitaka waeleze namna ya kupima udongo kwa mkono. Mwanafunzi alikuwa ameandika: "Chukua udongo kiganja kimoja, ulowanishe kidogo, halafu wape ng'ombe asubuhi na jioni, na hakikisha hawabakishi." Akatusomea mara mbili, tukashika mbavu. Karatasi ya pili nayo ilikuwa na ng'ombe. Ya tatu pia. Kufikia nusu ya rundo alikuwa peke yake kwenye kiti, hacheki tena.

Mama mdogo alikwenda kwenye duka la fotokopi kuuliza. Kumbe ukurasa wa tisa ulikuwa umenasa ndani ya mashine tangu muhula ulipoanza. Wa nane uliishia kwenye kulowanisha, wa kumi ukaanzia kwenye malisho, na darasa zima likaunganisha bila wasiwasi.

"Lakini niliwasomea," alisema baba mdogo. "Niliwaambia wausokote kama kamba. Ukishikana una mfinyanzi mwingi, ukikatika una mchanga. Niliwaonyesha kwa mikono yangu hii."

Aliitazama mikono hiyo, akalitazama na rundo la karatasi.  Kisha akaenda chumbani, akarudi na maandishi yake, akamwekea mkewe mapajani. "Pakia. Na wa tisa usiusahau."

Muhula mpya ulipofunguliwa, mama mdogo alinituma nikakae nyuma ya darasa nimpe habari. Baba mdogo aliingia bila karatasi, amebeba ndoo ya udongo, na nilimwona akihesabu kwa macho viti vilivyobaki vitupu. Havikuwa vichache. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi mama mmoja anayeuza miche nje ya geti, na mfuko wa plastiki wenye udongo mapajani. Alikuwa ameyasoma maandishi kwenye simu yake, akaja kuomba aingie.

"Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoandika. Udongo wangu juzi ulishikana vizuri, leo unakatika. Na mfuko ni huuhuu."

Baba mdogo aliuchota, akaulowanisha, akausokota. Ukakatika. Akaongeza maji, ukakatika tena. Wanafunzi walishainuka kwenye viti, wamemzunguka, mmoja anasema umeingia majivu, mwingine anambishia.

"Sijui, mama," baba mdogo alimwambia. "Hebu na tuutazame."

Alirudi nyumbani chakula kikiwa kimeshapoa, shati lake limejaa matope hadi kwenye viwiko.  Mama mdogo alikuwa ameshanibana mimi nikamweleza yote.

"Leo nimeishiwa majibu," baba mdogo alisema, akivuta kiti, "na hakuna hata mmoja aliyetoka."

"Kanawe mikono," mama mdogo alimwambia, akageukia jiko kupasha chakula, na alikaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.