Ijumaa za Mama Kanda

Kwa miaka kumi na tisa, mama yake mzazi hakuelewa binti huyu anafanya kazi gani. Mdogo wake ni mshonaji, mtoto wa jirani ni mwalimu, hao wanaeleweka. Lakini huyu kifungua mimba wake kila asubuhi anabeba pochi anakwenda hospitali, na huko hachomi mtu sindano wala hafagii.

"Natunza kumbukumbu za wagonjwa, mama."

"Kwani zitakwenda wapi?" mama yake anauliza, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hospitalini walimwita Mama Kanda, na jina likamkaa mpaka nyumbani. Kila siku saa saba mchana, wenzake wakienda kula, yeye aliingia kile chumba kidogo nyuma ya maabara, akachomeka kanda kwenye mashine, akanakili mafaili yote ya wagonjwa. Jioni kanda ile ilikwenda naye nyumbani, imeviringishwa kwenye mtandio. Hospitali ingeungua leo, kesho wagonjwa wangezikuta habari zao salama kabatini kwake, katikati ya mashuka. Wala hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, maana kazi ya namna hiyo huonekana siku ikiharibika tu.

Alikuwa na tabia moja iliyowakera watu. Kila Ijumaa aliirudisha kanda ya wiki hiyo kwenye kompyuta ya pembeni na kutafuta faili moja, la mama yake. Mama mwenyewe alishamruhusu, akasema yeye hana siri na mashine. Mama Kanda akiyaona yale maandishi mekundu kwamba mgonjwa huyu asipewe penisilini, ilishataka kumuua mara moja, ndipo anatia sahihi kwenye daftari. Ukimwuliza kwa nini ajisumbue wakati mashine yenyewe imeshasema imenakili, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Ya nini kuandikia mate na wino upo?"

Basi ikaja programu mpya, ile ya makampuni makubwa. Fundi wa kompyuta, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akaipangia ratiba: kila alfajiri inanakili yenyewe, inapeleka nakala kwenye jengo jingine upande wa pili wa mji, na ikimaliza inatuma barua pepe yenye tiki ya kijani. Mama Kanda alifurahi, msimdhanie vibaya. Hakuwa mtu wa kuogopa mashine, na bega lake lilikuwa limechoka na pochi. Aliomba jambo moja tu, Ijumaa zake zibaki.

"Programu inajikagua yenyewe, mama," fundi akamwambia.

"Inajikagua kama imenakili. Imenakili nini, hilo inalikagua?"

Fundi akacheka. Mkurugenzi akasema tusisumbuane, hiyo ni teknolojia, si daftari la duka. Wiki sita zikapita, tiki za kijani tupu.

Jumatatu ya wiki ya saba kanda zote za zamani zilikuwa ziteketezwe. Hapo sasa, kompyuta kuu ikifa, nayo ilikuwa kama mzee anayekohoa, hospitali ingebaki na nakala za programu peke yake. Lakini kanda haziteketezwi bila sahihi ya mtunzaji, ndio utaratibu. Ijumaa iliyotangulia, Mama Kanda akasimama mlangoni kwa mkurugenzi, daftari kwapani.

"Sitii sahihi mpaka nione faili moja."

"Mama, una kichwa kigumu."

"Ndicho mlichokiajiri, mkubwa."

Mkurugenzi akaguna, akampa nusu saa. Fundi akairejesha nakala ya alfajiri ile kwenye kompyuta ya pembeni. Mama Kanda akaandika jina la mama yake. Hakuna. Akaandika tena, herufi moja moja. Hakuna. Akaomba aonyeshwe wagonjwa wote waliomo.

Walikuwa kumi na wawili. Wa kwanza aliitwa Mgonjwa wa Mfano Moja, wa pili Mgonjwa wa Mfano Mbili, na kuendelea. Wote walikuwa na umri wa miaka thelathini, na wote waliumwa kichwa.

Fundi akavua miwani. Ratiba aliipanga wakati wafanyakazi wakijifunza mfumo, akaielekeza kwenye mafaili ya mazoezi, na mafunzo yalipokwisha akasahau kuigeuza. Wiki sita nzima programu ilikuwa ikiwanakili kwa uaminifu watu kumi na wawili ambao hawajawahi kuzaliwa, na kuwawekea tiki.

Mimi ningempasha. Mama Kanda alivuta kiti akaketi karibu naye. "Rekebisha, baba. Mimi nipo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, lakini alikuja. Wakafungua nakala mpya, na mama yake alikuwemo, pamoja na maandishi yake mekundu. Akatia sahihi. Fundi naye akaongeza kazi mpya kwenye ratiba: kila Ijumaa programu ifungue nakala yake yenyewe na kuwatafuta wagonjwa wa kweli ndani yake. Programu ilitaka kazi hiyo ipewe jina, akaandika Mama Kanda. Mwenye jina alijifanya hajaona, lakini siku hiyo alitembea amenyoosha shingo mpaka nyumbani.

Miezi miwili baadaye, Jumanne asubuhi, kompyuta kuu ikakata roho. Skrini zote hospitalini zikawa nyeusi, foleni ikafika getini. Na kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa mama yake, mguu umevimba kwa jeraha la jembe. Jina la ile dawa iliyotaka kumuua lilishamtoka kichwani siku nyingi.

Kwenye chumba cha nyuma, Mama Kanda na fundi walikuwa wakirudisha nakala ya alfajiri. Kabla ya saa sita, skrini zikawaka moja baada ya nyingine.

Muuguzi alikuwa ameshika chupa ya dawa. Akatazama skrini, akaiweka chini. "Bibi, hii wewe hupewi. Imeandikwa hapa kwa rangi nyekundu."

"Nani kaandika?"

"Daktari, zamani. Lakini asubuhi vyote vilikuwa vimepotea. Mama Kanda ndiye kavirudisha."

Bibi akaitazama ile chupa. Kisha akawageukia watu wa benchi lake, na la nyuma, na waliosimama ukutani. "Mmemsikia? Huyo ni wangu. Ndiye aliyenifanya niitwe mama."

Mama Kanda alipotokeza kwenye korido, jasho usoni, alishangaa kuona watu wanamsogezea nafasi. Mama yake alimshika mkono, akamvuta akae.

"Mwanangu," akasema, taratibu. "Kumbe huwa zinakwenda."

"Zinakwenda, mama."

Akaketi pale na mama yake mpaka mguu ulipokwisha kufungwa bendeji.