Nilimpelekea Mpwa Wangu Isale ya Uongo, Ndege Ikalalia Ubavu

Mimi ni mshenzi. Naanza hapo ili usije ukanionea huruma njiani. Wajukuu wananiamkia shikamoo, kanisani napishwa kiti cha mbele, na vyote hivyo sistahili. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, nimemharibia maisha kwa mkono huu ninaoandikia. Tumwite Kalisti. Jina lake la kweli nimeshalichafua vya kutosha.

Nilikuwa msimamizi wa wapakiaji kwenye kampuni ndogo ya ndege hapa Moshi. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, lakini mizigo naijua. Tulikuwa na ndege tatu kuukuu, zinapeleka watalii mbugani na kuwarudisha. Zote za aina moja! Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya tajiri wa kwanza, marehemu. Kipuri cha hii kinaingia kwenye ile, na fundi akiijua moja amezijua zote.

Akafa, akaja mwanawe. Ole wetu!

Kijana wa hapa hapa mlimani, kalelewa kwa ndizi za kitalolo kama sisi, lakini alirudi na viatu vyenye ncha na neno moja tu mdomoni: kisasa. Asubuhi kisasa, mchana kisasa. Akakodi ndege mbili mpya za aina nyingine kabisa. Akauza moja kati ya zile kuukuu pamoja na stoo nzima ya vipuri, eti vinajaza nafasi. Mkiani mwa ndege akachoresha mlima. Jamani, ukitoka nje ya karakana mlima wenyewe umesimama pale, bure, lakini yeye akamlipa mtu auchore! Na huyo mtu akauchora umepinda.

Basi zile mpya zikaanza kuugua. Fundi wake mpaka atoke mbali, kipuri chake mpaka kitoke mbali zaidi. Unadhani nani alikuwa anazilisha? Zile mbili kuukuu! Zilirushwa kutwa nzima ili kodi ya hao mabibi harusi ipatikane. Namjua mtu mmoja wa Kwa Sadala aliyenunua ng'ombe wa kizungu, akamjengea banda la sementi, akawa anamkamua yule wa kienyeji ili amnunulie mwenzake pumba. Wa kienyeji akafa, wa kizungu akafuata. Tulimcheka mpaka akahama kilabu cha mbege. Lakini yule angalau ng'ombe wake hakubeba watu.

Sasa Kalisti. Yeye ndiye fundi pekee aliyebaki mwenye leseni ya kuzipitisha zile kuukuu. Asipoweka saini, hairuki. Siku moja akaisimamisha mojawapo, akasema vyuma vya ndani ya miguu ya magurudumu vimefika muda wa kubadilishwa. Bosi akaja karakana, akampigia kelele mbele yetu sote.

"Wewe ni fundi wa ndege au fundi wa baiskeli? Gurudumu si linazunguka? Unataka nini tena?"

"Nataka vile vyuma ulivyouza, bosi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaona bosi ananitazama, nikafunga mdomo. Ona ni mtu wa aina gani anayekusimulia!

Kalisti akavua ovaroli, akaenda zake nyumbani Njoro.

Bosi akaniita ofisini. Nikapewa shikamoo tamu kama asali. "Mzee wangu, wewe ni mjomba wake. Mpelekee isale."

Angekuwa mtu wa mbali asingelijua hilo. Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani la isale, na wazee wakiwepo, hukatai. Ndugu waliomwagiana damu wamepatana kwa jani hilo. Ukilikataa umejitakia laana, wewe na kizazi chako. Na huyu bwana kisasa, siku alipobanwa, mambo ya babu aliyakumbuka upesi sana!

Na mimi je? Niliahidiwa koti lenye ule mlima uliopinda mgongoni, na cheo cha "mlezi wa ndege". Koti!

Mke wangu aliniona nakata isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Akauliza, "Nani kakosa?"

"Bosi kamtukana Kalisti."

"Basi abebe bosi mwenyewe."

Nikamwambia mambo ya kazini hayajui. Eti yeye ndiye hajui!

Jumapili baada ya misa nikashuka Njoro na wazee wawili niliowapa nusu ya habari. Kalisti akatukaribisha, mkewe akaleta chai. Nikatoa isale kwa mikono miwili, nikasema bosi anaomba radhi kwa tusi lile.

"Nimesamehe, mjomba."

Hapo ndipo ningekunywa chai yangu nikaondoka. Badala yake nikasema, "Kama umesamehe kwa roho, basi rudi ukaipitishe ile ndege. Msimu huu tu. Ndipo tutauona msamaha wako."

Akaligeuza lile jani mkononi. "Mjomba, hii ni isale au ni mtego wa panya?"

"Kalisti!" mzee mmoja akamkemea. "Isale haijibiwi hivyo."

Mkewe akaweka sinia chini, akasema polepole, "Baba Neema, fikiria watoto." Masikini, aliogopa laana.

Kalisti akaliweka lile jani kando ya kikombe chake. Kisha akasema, "Mimi naogopa chuma, ninyi mnanitisha kwa jani. Haya."

Akarudi kazini, akaweka saini. Mimi moyoni nasema, makaratasi tu hayo, ndege yenyewe si inang'aa? Nilidhani ndege ni ng'ombe, ukiona manyoya yanang'aa basi ni mzima. Pumbavu kabisa!

Msimu haukuisha. Ile ndege ilikuwa inatua hapa kwetu mchana na watalii ndani, mguu wa kushoto ukakunjika. Ikalalia ubavu, ikaserereka mpaka kwenye shamba la mahindi. Hakufa mtu, Mungu alikuwa macho. Mama mmoja mtalii alivunjika mkono. Sauti yake naisikia mpaka leo.

Wakaja wakaguzi. Saini ya nani? Ya Kalisti. Wakatuuliza sote pale karakana, "Kuna mtu alimshinikiza?"

Kalisti aligeuka upande wangu. Alinitazama tu. Na mimi nimevaa koti! Nikaangalia sakafu.

Leseni wakamnyang'anya. Bosi akasimama mbele ya waandishi wa habari na viatu vyake vya ncha, akasema hilo ni kosa la fundi mmoja, na kwamba sasa kila mtu ameona kwa nini kampuni inahitaji ndege mpya tupu. Umesikia? Amechoma nyumba mwenyewe, halafu anatuuliza kama tumeota moto vizuri!

Leo Kalisti anatengeneza mashine za kusaga. Mikono ile! Mimi niliacha kazi, nikawafuata wale wakaguzi nikawaeleza ukweli. Walinisikiliza kwa adabu. Leseni haijarudi.

Mwisho nikapanda hadi Mkuu, kule mlimani, kwa dada yangu, mama yake Kalisti. Nilimkuta anamenya ndizi. Hakuinuka. Nikamweleza yote, nikalia kama mtoto.

"Nimeshasikia," akasema. "Mwanangu amekusamehe."

"Ashukuriwe Mungu, dada."

"Yeye amesamehe. Mimi bado. Na usinihimize, maana kuwahimiza watu wasamehe ndiyo kazi yako."

Akaendelea kumenya.

Wazee wenzangu, mkiitwa ofisini mkaamkiwa kwa utamu, ulizeni mnatumwa kumlainisha nani, kisha mtoke. Kijana wenu akikataa jambo katika kazi anayoijua, msimwendee na ukoo, msimwendee na mila, msimwendee na machozi ya mkewe. Mwacheni akatae.