Nyumba Isiyoitikia Hodi

Jumamosi ni siku yangu ya kulala. Wiki nzima nasimama mbele ya darasa lililofurika hapa Bunju, nasahihisha madaftari hadi macho yanawasha, na ikifika Ijumaa jioni sitaki kuongea hata na paka. Kwa hiyo walimu wenzangu walipoamua kukodi kosta twende Pangani kutazama mji wa kale, nilianza kutafuta kisingizio. Aliyeniharibia ni shangazi. Alizisikia habari za safari kwenye simu, akafunga kibegi chake huko Temeke, akaja kulala kwangu bila kualikwa.

Shangazi alizaliwa Pangani, katika nyumba ya babu yangu karibu na mto. Alipoolewa akaletwa Dar, na tangu wazazi wake wafe hakuwahi kurudi. Ndugu zake wote wameshatangulia, wa mwisho akiwa marehemu baba yangu. Sasa jicho lake moja halioni kabisa, na la pili limeingia ukungu.

"Mie sitaki makubwa," aliniambia usiku ule. "Nataka niingie mle ndani mara moja tu, nione, kabla na hili halijafunga."

Ningekataaje?

Tulivuka mto kwa pantoni jua likiwa limeshakuwa kali. Mtembeza wageni, bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ya ukili, alitupeleka kwenye boma la Wajerumani, kisha forodha ya zamani, kisha ghala walimofungiwa watumwa kabla ya kusafirishwa. Wenzangu walipiga picha kila penye ufa. Mimi nasema kweli, niliona kidogo sana. Pale ghalani nilishikwa na huzuni, lakini hata huzuni yenyewe ilikuwa imechoka, nikajikuta natafuta pa kukalia. Majengo ya kale hayana hata benchi! Shangazi alinishika mkono njia nzima, mzito, akijikwaa, na kila baada ya hatua chache akiuliza, "Bado?"

Hatimaye tukafika. Nyumba ilikuwa na mlango wa nakshi uliopauka, umeachwa wazi nusu, na upande mmoja wa paa ulikuwa umeanguka.

"Hii ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa nazi," mtembeza wageni akaanza.

"Ilikuwa ya baba yangu," shangazi akasema.

Yule bwana akavua kofia. "Shikamoo, mama. Samahani sana. Basi ingia, ingia tu, haina mtu."

Shangazi hakuingia. Aliuachia mkono wangu, akaitengeneza kanga yake kichwani, akasimama mbele ya kizingiti.

"Hodi!"

Walimu wenzangu wakacheka wakidhani ni utani. Akapiga ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu, akangoja zaidi. Kisha akageuka na kuanza kurudi tulikotoka, akipapasa ukuta.

"Shangazi, unaenda wapi?"

"Nimepiga hodi tatu. Hakuna aliyeitikia. Twende zetu."

"Lakini hii si nyumba yenu?"

"Ndiyo maana. Kwetu hatukuwa tukiingia kama kuku. Hata baba mwenyewe akitoka sokoni alikuwa anapiga hodi."

Nilipandwa na hasira. Hasira ya usingizi wangu uliopotea, ya vumbi lote lile la barabarani, ya magoti yangu, na ya bibi huyu anayeacha kitu kimoja alichokiomba kwa sababu ya adabu wasiyoijua hata mbuzi waliolala mle ndani. Dereva alishaanza kupiga honi. Nilijua akiipanda ile kosta ndiyo basi. Safari nyingine nani angempeleka, na kwa jicho gani?

"Mshikilieni hapo hapo," nikawaambia wenzangu.

Nikazunguka nyuma. Ukuta wa uani ulikuwa umebomoka, nikaupanda na dera langu, likachanika. Nikapita juu ya mawe na vinyesi vya mbuzi hadi ukumbini, mahali ambapo baba yangu aliwahi kutambaa, na ambapo mimi sikuwahi kukanyaga. Nikavuta pumzi. Nikatoa sauti ileile ninayoitolea darasani:

"Karibu!"

Kisha nikamsikia shangazi, karibu kidogo.

"Nani anaitikia?"

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha, lakini nikaliacha.

"Ni mimi, shangazi. Mtoto wa kaka yako. Karibu ndani."

Halafu mlango ukalia, akaingia, viatu mkononi, miguu mitupu juu ya kifusi.

"Starehe, mwanangu," akasema.

Akasimama katikati ya ukumbi, jicho lake lile moja likihangaika kutoka ukuta hadi ukuta. Sijui liliona nini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akaniuliza, kama mgeni yeyote anavyouliza akishaingia nyumba ya watu:

"Wazima wote humu?"

Nikatazama vyumba vile vitupu.

"Wazima, shangazi," nikamjibu. "Sote wazima. Karibu ukae."