Alimantasio nzito ya Goma

Musiniulize kama kompyuta imewaka.

Asubuhi nimetoka Gisenyi, nimevuka mpaka kwenda Goma kutafuta alimantasio, ile kisanduku ya kupa kompyuta umeme. Tantine, dada ya baba, alikuwa anapeleka huko viazi vya kwetu Mudende, tukaenda pamoja.

Muuzaji ametoa mbili, zote bei ya chini.
Kila fundi anajua: chukua nzito, ndani iko shaba mingi.
Bon, nikapima kwa mikono, nikachukua nzito.

Tantine naye akaipima. Akakunja uso.
"Mwambie afungue. Mi gunia ikizidi uzito, ninaimwaga chini kwanza."
"Tantine, hii si viazi!"
(Mimi huyo, mutu wa kompyuta.)
Muuzaji akacheka sana, akamwagiza Tantine gunia moja ya viazi ya kesho.

Nimefika nyumbani, nimechomeka. Pwaa! Moshi.
Nimefungua: waya tatu na jiwe nyeusi ya volkano, imegandishwa na gundi.

Jiwe! Nimetoa jiwe Goma, nimeleta Gisenyi, kwenye tunajengea nayo hata choo!

Nani kati yenu angefungua kwanza? Museme ukweli.

Tantine hajanilaumu. Ameokota ile jiwe, ameipangusa, ameitia chini kabisa ya gunia ya kesho.