Siku nilimwita nkambo muuza makala

Ulikuwa mwaka wa bukari ya manjano, ugali ya unga wa mbali, yenye kunuka gunia. Unga mweupe haukuonekana Kolwezi nzima. Usiniulize tarehe, ndugu. Masomo yangu ni kidogo, mi nahesabu myaka na tumbo.

Baba alitumika ku mine, kule ku mugodi. Mama alienda ku fuwaye, kule Madame mumoja Muzungu alifundisha bibi za batumikaji kushona, kupanga meza, kula na forsheti, ile uma ya Bazungu. Saa sita Madame alipita mu manyumba kuangalia. Nyumba yenye kumupendeza zaidi itapata mashini ya kushona. Mama aliota ile mashini sawa vile muke tasa anaota mutoto.

Lakini kwetu kulikuwa nkambo, mama yake mama, mwenye kutoka Sandoa. Alikaa chini na sisi batoto, sahani moja. Alifinya tonge, akaitoboa na kidole gumba, akachota sombe, majani ya muhogo, akanitia mu kinywa. Sijaonja tena sombe tamu vile.

Siku ya Madame kufika kwetu, mama akamwambia nkambo: «Mama, enda nyuma, kwa kuku. Ile mikono yako itatuletea haya.»

Tukakaa ku meza. Bukari iling'ang'ania forsheti sawa udongo wa mvua. Baba akatafuna, jasho inamutoka, utasema anakula misumari. Madame akafurahi sana. Kisha akaona nkambo kwa dirisha.

«Huyu ni nani?»

Mama akaniangalia. Mi, mutoto wa myaka saba, nikajibu mbio: «Ni mama wa kutuuzia makala.»

Nkambo alisikia. Hakulia. Alinawa mikono, akafunga kitambaa chake, akapanda treni ya Mutshatsha kurudia kwao. Hatukumuona tena, tulisikia tu kifo chake. Mashini ilikuja. Mama alinishonea robe, nikaivaa, nikajivuna nayo mu avenue yote. Nilikuwa mubaya, ndiyo.

Leo ile sahani moja imekufa. Kila mutu na sahani yake, macho ku telefone. Jana mujukuu wangu, bibi ya enjenieri, alingoja bageni. Akaniambia:

«Nkambo, shika forsheti, ao nikuletee chakula mu chumba.»

«Nitakula hapa, na mukono.»

«Nkambo, unataka bageni banicheke?»

«Nitakula hapa, na mukono.»