Gia ya Mbele ya Mzee Timazi

Siku fundi baiskeli alipomwona mzee yule kwa mara ya kwanza, mzee hakumtazama usoni. Alitazama baiskeli. Fundi alikuwa amekuja kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, shati limenyooka, maneno yote aliyoyakariri njiani yameyeyuka.

"Gurudumu la nyuma linayumba," mzee alisema. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, baba."

"Basi ni kweli, mganga hajigangi. Ingia ndani."

Mzee alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu jicho lake halikusamehe kilichopinda. Aliwahi kuinuka katikati ya chakula, tonge mkononi, akanyoosha picha ukutani kwa kiwiko.

Alipostaafu alinunua baiskeli ya milimani, ya zile zenye gia nyingi nyuma lakini moja tu mbele, penye pedali. Kila Jumapili aliipanda kwenda kwa binti yake, ambaye sasa alikuwa mke wa fundi. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, mwisho wa mlima unaokata pumzi.

Gia ya mbele ilipolika meno, akaileta karakana.

"Baba, safari hii tuweke ya meno thelathini?" fundi aliuliza, macho kwenye cheni.

"Thelathini ni ya watoto. Ilikuwa thelathini na sita, weka thelathini na sita."

Gia kubwa hukimbia tambarare, lakini mlimani hula miguu. Fundi alitaka kusema kwamba ukiwa na moja tu mbele, unaichagua kwa kilima kibaya zaidi, si kwa barabara nzuri zaidi. Lakini mkwe atamwambiaje mkwewe kwamba miguu yake imechoka? Akafunga thelathini na sita.

Jioni alimgusia mkewe.

"Baba ameshasema," mkewe alijibu. "Siku mlima ukimshusha kwenye baiskeli, haji tena. Hataki kuonwa akisukuma chuma."

"Labda anatania."

"Baba? Akisema amesema."

Jumapili iliyofuata fundi alikuwa juu ya paa akipigilia bati lililolegea. Akamwona mzee mbali chini, anasukuma baiskeli, mkono mmoja gotini. Kabla ya kona ya mwisho, mahali asipoonekana kutoka mlangoni, mzee alisimama, akafuta jasho, akapanda, akaingia uani akipiga kengele.

"Leo umechelewa, baba," binti yake alimwambia.

"Upepo, mwanangu."

Nguo kwenye kamba zilikuwa zimening'inia kimya. Fundi alishuka ngazi, na wiki nzima hakupata raha. Mzee angeweza kujificha nyuma ya kona ile mara ngapi kabla ya kuchoka kujificha?

Jumapili nyingine aliteremka mapema kwa baiskeli yake mwenyewe, hadi nyumbani kwa mzee.

"Baba, goti langu linanisumbua. Nimejifungia thelathini. Sasa naona haya kupanda peke yangu na gia ya watoto."

Mzee alitazama goti, akatazama gia, akarudi kwenye goti.

"Mwanamume mzima!" alisema. Kisha akakohoa. "Haya, nifungie na mimi. Usichekwe peke yako."

Fundi alikuwa nayo mfukoni. Aliifunga palepale, akapunguza pingili za cheni isilegee, wakaondoka. Walipanda polepole, miguu ikizunguka upesi na magurudumu yakijivuta, wakibishana kuhusu saruji. Kona ya mwisho waliipita bila mtu kushuka.

Mzee aliendelea kuja hivyo karibu mwaka mzima, hadi moyo wake uliposimama usingizini. Jumapili yake ya mwisho fundi alimsindikiza mpaka getini. Mzee alikaa kwenye tandiko, akautazama mteremko, kisha akageuza shingo.

"Sasa rudisha gia yako ya zamani, mwanangu," alisema. "Hilo goti lako halijapata kuuma hata siku moja."